Nokia 1100 na Galaxy A15 mezani kwa fundi: ipi umnunulie mzazi, na ipi itaanza kufa?

#1 (mtoa mada)

Wakuu kwema? Uzi huu nautoa maana nimechoka kujibu swali lilelile kila siku, mtu anakuja kumchukulia mama yake simu ya kijijini anauliza fundi nimpelekee kitochi au simu ya kupangusa, ukimwambia inategemea ananuna, anaona unamzungusha umuuzie ya bei. Niko Kariakoo natengeneza simu, zote mbili zinapita mikononi mwangu, kwa hiyo leo naongea yote. Mwenye haraka apite kushoto.

Nimechukua simu mbili za watu wa kawaida. Ya kwanza Nokia 1100, ile ya 2003 yenye tochi kichwani, ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani na ndio maana kila ukoo ulikuwa nayo. Ya pili Samsung Galaxy A15 ya mwishoni mwa 2023. Kati yao kuna miaka 20. Sijachukua simu ya mamilioni, hiyo anayeinunua haji kuniuliza mimi.

Tuanze na betri maana ndio wimbo wa wazee wote, "simu za zamani zilikuwa zinakaa na chaji". Ni kweli zilikuwa zinakaa, ila sababu sio betri wakuu. Ile betri ya BL-5C ya kwenye 1100 ni mAh 850 tu (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri). A15 ina mAh 5000, yaani karibu mara sita. Sasa kwa nini ya kwanza Nokia waliiandikia mpaka saa 400 ikiwa imetulia tu na hii ya pili kesho jioni unatafuta soketi? Angalia kioo. 1100 ina vidoti 96 kwa 65, zidisha unapata 6,240, na kila kidoti kazi yake ni kuwa cheusi au kutokuwa cheusi, basi. A15 ni 1080 kwa 2340, hiyo ni zaidi ya milioni mbili na nusu, yaani kila kidoti kimoja cha Nokia huku kuna 405, vya rangi, vinawaka vyenyewe na vinabadilishwa mpaka mara 90 kwa sekunde. Hapo hatujagusa data, WhatsApp inayochungulia seva muda wote, lokesheni, na zile apu ambazo mwenye simu hajawahi kuzifungua tangu anunue. Zima data zote kwenye A15, usiwashe kioo, iache mezani kama simu ya kupigiwa tu, utashangaa nayo inakaa siku ngapi. Kinachokula chaji ni kazi unayoipa, betri ya zamani haikuwa na uchawi wowote.

Na BL-5C yenyewe tusiitukuze kupita kiasi. 2007 Nokia walitangaza kubadilisha betri milioni 46 za aina hiyo zilizotengenezwa na Matsushita kwa sababu zilikuwa zinaweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaji. Leo BL-5C unazokuta mtaani nyingi ni feki, zinavimba kama andazi. Uzuri wake uko kwingine kabisa: unaitoa kwa kucha, unaweka nyingine, na hiyohiyo inaingia kwenye redio ndogo na vispika vya wauza karanga, kwa hiyo hata dukani Namtumbo unaipata. Betri ya A15 imegandishwa na gundi chini ya mfuniko ambao nao umegandishwa na gundi, kuitoa napasha moto kwanza, na fundi mwenye mikono mizito anakuvunjia kioo akitafuta betri.

Mtandao. Hapa ndipo nilipotaka tufike kwa hiyo nisomeni taratibu.

1100 ni 2G tu (mtandao wa zamani, kizazi cha pili), masafa ya 900 na 1800. Haina intaneti hata tone, haina bluututhi, haina redio (vijana wengi wanabisha hili, wanaichanganya na vitochi vya siku hizi), haina laini mbili. Lakini pesa inatuma. Ukipiga nyota mia hamsini nyota sifuri sifuri reli inakuja menyu ileile ya M-Pesa anayoiona mwenye simu ya milioni mbili. Simu yenyewe ilitoka 2003, M-Pesa Tanzania imeingia 2008, kwa hiyo Nokia walipokuwa wanaiunda hakuna aliyewaza kutuma ada ya shule kwa simu. Imewezekanaje? Ni kwamba 1100 haifanyi kitu, inapeleka tarakimu na kuonyesha maandishi inayorudishiwa. Menyu, salio, hesabu, vyote viko kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Wakiongeza huduma mpya leo usiku, kesho asubuhi kitochi cha bibi nacho kinayo, bila kupakua chochote.

A15 mambo ni kinyume. Kazi kubwa inafanyika ndani ya simu, na ndio maana inaweza vingi, lakini ndio maana inazeeka. Apu inakuwa nzito, inataka Android mpya, inataka nafasi. Samsung wameahidi A15 kupata apdeti za usalama miaka mitano, maana yake zinaishia kama 2028 hivi. Baada ya hapo simu inawaka vizuri tu, ila apu zinaanza kukukataa moja moja, ya benki mara nyingi ndio inaanza.

Kwa hiyo mimi nikiletewa simu siulizi ina kamera ngapi. Nauliza kazi yake inafanyikia wapi, na nani ana uwezo wa kuizima. Kitochi mwenye rimoti ni mwenye mnara. Smatifoni mwenye rimoti ni mwenye seva. Nitaendelea, mteja kaingia.

#2

Nimewahi siti ya mbele, fundi usikimbie uzi.

#3

Hapo kwa redio umenimaliza, nilikuwa tayari kuweka dau kuwa 1100 ina redio 😂 kumbe ilikuwa ya jirani.

#4

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu mulika mwizi haijafa na haitakufa leo. Ongezea hapo fundi, M-Pesa kwetu ilianza Machi 2007 na menyu yake ilikuwa ndani ya laini yenyewe, ukiingiza laini kwa simu yoyote ile menyu yaja nayo. Nyanya yangu hakubadilisha simu, alibadilisha laini tu akawa na benki mkononi. Lakini mzee usifiche hili: zile za bei rahisi tulizonunua River Road nyingi zilikuwa feki, na mwisho wa Septemba 2012 Serikali ikazima karibu milioni mbili kwa siku moja. Simu nzima, betri nzima, network hakuna. Kwa hiyo hilo la mwenye mnara kuwa na rimoti sisi twalijua vizuri sana.

#5 (mtoa mada)

Mkuu wa Mombasa shukrani, na sisi yalitukuta Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu zote ambazo IMEI zake (namba za utambulisho wa simu) hazieleweki. Ile wiki hapa Kariakoo hapakukalika, watu wanakuja na mifuko ya simu zilizokuwa zinaongea jana yake. Ndio maana mpaka leo ukinunua simu yoyote, kitochi au ya kupangusa, kabla hujatoa hela piga *#06#, namba ikitokea itume 15090 ikuambie ni simu gani. Ukiwa umeshika Nokia na jibu likasema ni kitu kingine, rudisha. A15 ya laini mbili itakupa IMEI mbili usishtuke ni kawaida.

Naendelea na matengenezo maana hapa ndio nyumbani.

1100 unaifungua kwa bisibisi moja ya nyota. Kipedi chake ni mpira mmoja mzima umefunika mbele yote, vumbi halipenyi, Nokia waliifanya makusudi wakiwalenga watu wa nchi za joto na vumbi kama sisi, hata ubavuni waliweka mpira isiteleze na jasho. Ikiingia maji toa betri, osha bodi kwa spiriti, kausha, washa. Ikigoma utaratibu wa kutafuta tatizo ni mfupi maana vitu vyenyewe humo ndani vinahesabika.

A15 kioo kikipasuka tukae chini tuongee. Kioo chake ni AMOLED, orijino bei yake inakimbilia nusu ya simu. Kwa hiyo mtaani unawekewa incell, ni kopi, rangi zinapauka, simu inanenepa kidogo na chaji inaliwa zaidi. Fundi mwaminifu anakuambia kabla. Uzuri wa A15 alama ya kidole iko ubavuni kwenye batani ya kuwashia, kwa hiyo ukibadili kioo alama haifi, wale wenye simu zenye alama ndani ya kioo wanajua maumivu ninayoyasema. Mfumo wa chaji nao uko kwenye kibodi kidogo cha chini, unachomoa unaweka kingine, hilo Samsung walitutendea haki.

Ila tatizo namba moja la smatifoni za wazee ninazoletewa wala sio kioo. Ni akaunti ya Google. Mzee kanunuliwa simu, muuzaji kamfungulia imeili palepale dukani kwa haraka, paswedi kaweka anayoijua yeye, mzee hajui hata kama ana imeili. Miezi inapita mjukuu anaibonyezabonyeza anaifuta simu yote, ikiwaka inadai akaunti ya mwanzo. Imekuwa tofali. Hiyo ni kinga ya wizi, Google waliiweka tangu Android 5.1, kwa mwizi ni nzuri ila kwa mzee wa Sikonge ni nauli ya kuja mjini. 1100 namba yake ya siri ya kiwandani ilikuwa 12345, dunia nzima. Usalama hapo hakuna, lakini hakuna mzee aliyewahi kufungiwa nje ya simu yake mwenyewe. Wanaowanunulia wazazi tafadhali imeili na paswedi viandikwe kwenye daftari liwekwe na hati za shamba.

#6

Fundi naomba nitofautiane kidogo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko mkoani. Mnaongea kama kazi ya simu ni kupiga na kutuma hela tu. Wanafunzi wangu wakimaliza kidato cha sita wanaomba chuo mtandaoni, mkopo wanaomba mtandaoni, ajira za Serikali ni Ajira Portal, cheti unakipiga picha unakigeuza PDF hapohapo ulipokaa. Mwenye kitochi anapanda bodaboda kwenda stesheneri mjini analipia kila ukurasa na paswedi yake anamwachia mhudumu wa stesheneri. Halafu mnasema kitochi ni cha gharama nafuu. Nafuu kwa nani? VICOBA yetu yenyewe taarifa za marejesho zinawekwa kwenye grupu la WhatsApp, akina mama wenye vitochi wanasikia mambo ya mwisho kabisa na hapo ndipo wanapopunjwa.

#7 (mtoa mada)

Dada yangu mwalimu hapo sina ubishi, tena hilo la kupunjwa ni zito kuliko yote niliyoandika. Kijana anayesoma apewe smatifoni hata kama ni ndogo. Mimi nasema kwa mzazi ambaye kazi yake ni kupokea simu, kupokea hela na kumulika njia usiku. Na hata yeye kama yuko kwenye kikundi basi maneno yako yanamhusu.

#8

Kitochi hakidukuliwi, ndio maana wakubwa wote wanatembea nacho mfukoni. Mwenye akili kaelewa.

#9

#8 mwanzo wa hadithi za vijiweni huo 😂 utatuambia na ile ya 1100 ya Ujerumani.

#10 (mtoa mada)

Ile ya Ujerumani ilivuma kweli mkuu, 2009, ikasemwa 1100 zilizotengenezwa kiwanda cha Bochum matapeli wanazigombea mpaka euro 25,000 kwa kuwa eti zinaweza kunasa meseji za benki za watu. Mimi ningekuwa nazo ningeuza nikaacha ufundi.

Kuhusu kudukuliwa. Ni kweli kitochi huwezi kukiwekea apu ya kijasusi maana hakipokei apu. Lakini maongezi na meseji za 2G zinalindwa na kufuli bovu, lile la A5/1, wataalamu walishaonyesha hadharani mwaka huohuo wa 2009 kwamba linavunjika. Na 2G ina kasoro nyingine: mnara unaikagua simu, simu haiukagui mnara, kwa hiyo mtu mwenye mtambo wake anaweza kujifanya mnara na simu ikamwamini. Android kuanzia ya 12 kuna simu zimewekewa sehemu ya kuzima 2G kabisa kwa sababu hiyo. WhatsApp tangu 2016 ujumbe unafungwa huku unafunguliwa kule, katikati hausomeki. Ukitaka siri, smatifoni iliyopata apdeti inakizidi kitochi mbali. Ukitaka usifuatwefuatwe na matangazo ndio hapo kitochi kinashinda.

Wizi tunaoupata wengi wetu lakini hauhitaji hata huo utaalamu. "Ile hela itume kwenye namba hii" inaingia kwenye 1100 na kwenye A15 sawasawa.

#11

Fundi swali. Kijijini kwetu kule ndani ndani, kitochi cha mjomba kinashika mtandao, smatifoni yangu inasoma hakuna huduma. Tumesimama sehemu moja. Imekaaje?

#12 (mtoa mada)

Imekaa hivi. Simu ya 2G kwenye masafa ya 900 inaruhusiwa kurusha mpaka wati 2, inarusha kwa vipande vipande lakini kwa nguvu, na mnara wa 2G unaweza kuihudumia simu mpaka kilomita 35. 4G simu inarusha wati 0.2 tu. Halafu minara mingi ya vijijini ilianza na 2G, 4G imekuja baadaye na mahali pengine bado. Smatifoni yako inahangaika kuitafuta 4G, inaipata inaipoteza, ndio na chaji inaisha hukohuko. Dawa: ukifika kijijini ingia kwenye mpangilio wa mtandao ichague 2G peke yake. Simu ni ileile, nguvu za 2G inazo, ilikuwa haizitumii tu. Intaneti itakuwa ya konokono ila simu zitaingia.

Na nyie watoto wa mjini mkiwaandikia wazazi meseji za kawaida acheni imoji. Meseji ya kawaida ni herufi 160, ukitia imoji moja tu inashuka mpaka 70, kwa hiyo salamu yako moja inakatwa kama tatu, na mama kwenye kitochi anaona viboksi. Hata alama ile iliyopinda ukikopi neno ng’ombe kutoka sehemu inaweza kukushusha hivyohivyo. Andika ng'ombe kwa mkono mwenyewe, alama iliyonyooka haina shida.

#13

Niko Ujerumani wakuu, nawapa ya huku mshangae. 3G makampuni yote yameizima 2021. Nilikuwa na smatifoni ya zamani ya 3G isiyo na 4G, ilipozimwa ikarudi 2G, intaneti ndio basi tena. Kitochi changu nilichokuja nacho kinapiga simu mpaka leo kama hakuna kilichotokea. Yaani ya kati ndio imekufa, babu yuko hai.

#14 (mtoa mada)

Ubarikiwe mkuu, umenisaidia kufikisha nilichoanza nacho. Watu wanadhani simu zinakufa kwa kupangana foleni, ya zamani kwanza. Hapana. Marekani kampuni ya simu ya AT&T walizima 2G mwanzoni mwa 2017, kule 1100 ni pambo. Huko kwenu wakaanza na 3G. Uingereza wamesema 2G na 3G zote ziwe zimeondoka ifikapo 2033. Huku kwetu pesa na meseji za watu wengi bado ziko juu ya 2G, anayetaka kuizima itabidi awajibu kwanza wote hao.

Sasa angalia upande wa seva. WhatsApp iliacha Nokia za S40 (mfumo wa Nokia za kawaida za zamani) mwisho wa 2018, watu walikuwa na simu nzima kabisa. Januari 2025 ikaacha Android 4.4. Na kuna ile ya katikati, Smart Kitochi ya Vodacom iliyokuja 2019 na mfumo wa KaiOS ndani, batani kama kitochi lakini WhatsApp ipo, niliipenda sana ile na niliwashauri wengi. WhatsApp wakaiondoa kwenye duka la KaiOS 2024. Simu haijaharibika popote, ukiniletea sina cha kutengeneza.

#15

Kwa hiyo tukizungusha kote, mama yangu ana miaka sitini na kitu, yuko Njombe, anasoma vizuri, mjukuu wake yuko Oman anataka waonane kwa video. Nimnunulie nini?

#16 (mtoa mada)

Zote mbili kaka, na sikuuzii. A15 au ya kufanana nayo ile iliyobakiza miaka ya apdeti, uliza hilo dukani kabla ya kuuliza kamera, na muuzaji akishindwa kukujibu nenda duka la pili. Weka kava na protekta siku hiyohiyo. Hiyo ni ya mjukuu na ya picha. Halafu kitochi cha kisasa cha bei ya chini, chenye laini mbili na redio, 1100 yenyewe usiitafute, zilizobaki sokoni ni kava jipya ndani bodi ya marehemu. Laini yenye M-Pesa ikae kwenye kitochi. Smatifoni ikiibiwa au ikidai akaunti, hela na namba anayojulikana nayo vinabaki salama. Laini zote zisajiliwe kwa kidole chake yeye, usisajili kwa jina lako halafu ukarudi Dar.

#17

Na alamu? Mama yangu simu ya kupangusa inamzimikia usiku, asubuhi anachelewa basi la saa kumi na mbili.

#18 (mtoa mada)

Nokia nyingi za zamani alamu inalia hata simu ikiwa imezimwa, smatifoni nyingi za sasa ikizimika na alamu imezimika nayo. Alamu aweke kwenye kitochi. Nafunga duka wakuu, mwenye swali aache hapa nitajibu kesho.